Mitego ya Waya na Mbwa wa Ukambani

Kusini mwa Kitui, kuelekea mpaka wa Tsavo Mashariki, na hata Kibwezi kule Makueni, mwindaji haramu hahitaji bunduki. Kipande cha waya wa ua kinamtosha. Hukisokota kikawa tanzi, akakifunga kwenye shina la mgunga na kukiacha katikati ya njia ya digidigi. Mnyama akijivuta, tanzi linazidi kukaza.

Mbwa wa mchungaji hupita njia hiyohiyo.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inakataza kutega bila idhini. Askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) na vikosi vya Sheldrick Wildlife Trust huzunguka Tsavo na Chyulu wakiing'oa mitego hiyo. Hata hivyo KWS yenyewe hutega: chui akizidi kula mbuzi wa watu, huwekewa kizimba cha chuma chenye chambo. Mbwa akijipenyeza humo, hufunguliwa akiwa mzima. Waya haumpi nafasi hiyo.

Lakini wenye mbwa nao wasijione malaika. Baadhi ya mbwa hao hupelekwa porini usiku, kwa tochi, kuwakimbiza digidigi haohao. Tena, mbwa anayezurura anaweza kuambukizwa kichaa na kukieneza, na Kitui na Makueni ni miongoni mwa kaunti 5 za majaribio katika mkakati wa taifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa ifikapo 2030.

Basi mwenye mbwa amchanje kila mwaka na asimwache azurure usiku. Akiona waya umetegwa, apige ripoti kwa KWS au kwa chifu.