Siku za Bunge na Fedha za Mwaka



Jioni ya leo tumekusudia kusema nanyi habari ya siku ambazo Bunge letu hukaa Dodoma kuamua fedha za mwaka, na yale yatokeayo siku hizo zinapoongezwa. Huku Ngokolo, na katika mitaa mingine ya Shinyanga, mtu akisikia kwamba wabunge wameongezewa siku za kikao, husema kwamba hayo ni mambo ya wakubwa, naye hugeukia shughuli zake. Lakini siku hizo hutugusa sisi sote, mkulima wa pamba, mchuuzi wa sokoni, na kijana anayechimba dhahabu kule Geita.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na kwisha tarehe 30 Juni. Fedha za Mfuko Mkuu wa Hazina hazitoki bila idhini ya sheria. Basi, zamani, yaani kabla ya mwaka 2013, Waziri wa Fedha alikuwa akisoma makisio katikati ya mwezi wa Juni, na wabunge wakayajadili, wizara baada ya wizara, hata Agosti. Mwaka ulikuwa umekwisha kuanza na mjadala ungali unaendelea! Serikali haikulala njaa, kwa maana Katiba, katika Ibara ya 140, yamruhusu Rais kuidhinisha fedha za shughuli za lazima kwa muda usiozidi miezi minne, sheria ikiwa haijawa tayari. Waalimu walipata mishahara yao na wagonjwa wakapata dawa. Kazi mpya ndiyo iliyongoja.

Na kungoja huko kulikuwa na gharama kubwa kwetu kuliko kwa watu wa nchi nyingine. Kila mwenyeji wa Shinyanga aujua udongo wetu mweusi wa mbuga. Tangu Juni hata Oktoba ni mgumu kama jiwe, na gari laweza kupita popote. Mvua za Novemba zikishuka, hugeuka utelezi unaonata, na lori la kokoto huzama hata ekseli. Fikirini basi: sheria yapita Agosti, fedha zaanza kushuka Septemba, zabuni yatangazwa, mkandarasi apatikana, naye afika na mashine zake siku ile ile mvua inapoanza. Anarudi nyuma kungoja ukame. Kabla hajamaliza, tarehe 30 Juni imefika, na fedha zisizotumika zapaswa kurudi Hazina, isipokuwa kwa kibali. Barabara ya kijiji ikakosa mwaka mzima, wala hapana mtu aliyeiba kitu. Walioiba ni kalenda.

Kwa sababu ya matata ya namna hii utaratibu ulibadilishwa mwaka 2013. Kikao cha bajeti huanza Aprili, wizara hujadiliwa kwanza, na kazi yote hutakiwa imalizike kabla ya tarehe 30 Juni. Sheria ya Bajeti ya mwaka 2015 ikaja kuukazia utaratibu huo. Twaona kwamba hayo yalikuwa matengenezo mema.

Hata hivyo, mwaka 2017 kikao hicho kilivuka Juni na kuingia Julai, na sababu yake ilitoka hapa hapa kwetu. Mnamo Machi mwaka ule Serikali ilizuia kusafirishwa nje kwa mchanga wa madini, tulioujua wote kwa jina la makinikia, uliotoka Bulyanhulu na Buzwagi, migodi ya Kahama katika mkoa huu wa Shinyanga. Kamati mbili ziliundwa, ya kwanza chini ya Profesa Abdulkarim Mruma, na ya pili chini ya Profesa Nehemiah Osoro. Bajeti yenyewe, ya shilingi trilioni 31.7, ilipitishwa Juni. Ndipo mwishoni mwa mwezi huo ikaletwa miswada mitatu juu ya mali na madini ya nchi, kwa hati ya dharura, na kikao kikaongezewa siku chache ili imalizwe. Ilipita katika siku za kwanza za Julai, na Rais John Magufuli akaitia sahihi mwezi huo huo.

Tazameni uzito wake. Mrabaha wa dhahabu ulipanda kutoka asilimia 4 hata 6. Serikali ilipewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi bila kuzilipia. Bunge likapewa mamlaka ya kupitia mikataba ya mali ya asili na kutaka ijadiliwe upya.

Wako waliosema kwamba haraka ile ilikuwa haki, kwa kuwa mgodi mkubwa wa Geita ulikuwa umefanya kazi tangu mwaka 2000, na dhahabu haimngojei msemaji. Wako waliosema kwamba sheria ya vizazi haifai kuamuliwa kwa juma moja. Sisi twasema kwamba kuongeza siku kulikuwa vema, ila zilizoongezwa zilikuwa chache mno. Mwezi huo huo wa Julai wenye mgodi wa Geita, AngloGold Ashanti, walianzisha shauri la usuluhishi wa kimataifa. Na mazungumzo na Barrick, yaliyozaa kampuni ya Twiga, yalifikia mkataba uliotiwa sahihi Januari 2020. Yaliyofanywa Dodoma kwa siku chache yalihitaji zaidi ya miaka miwili kutulia.

Lakini siku nyingi peke yake si dawa. Jirani zetu wa Kenya, mwaka 2020, waliiona Seneti yao ikiahirisha mara kwa mara uamuzi juu ya kanuni ya kugawa fedha kwa kaunti 47, hata Septemba, na kaunti zikabaki zikililia fedha. Hapo siku ziliongezeka na kazi ikasimama. Tena kwetu, Ibara ya 90 yamruhusu Rais kulivunja Bunge likikataa bajeti. Kwa hiyo mbunge afikaye Juni na neno zito ambalo halijasemwa, nafasi yake imekuwa nyembamba.

Ndiyo maana twapendelea siku ziongezwe mwanzoni, mwezi wa Aprili na Mei, wakati kamati zaweza kuita mashahidi na Waziri bado aweza kuhamisha fungu. Na mwanzo wa kweli uko karibu zaidi. Makisio ya Manispaa ya Shinyanga hupita kwa madiwani kabla hayajafika Dodoma, katika baraza ambalo mwananchi aweza kuingia na kusikiliza. Mwenye neno juu ya mtaro au barabara ya Ngokolo na alipeleke kwa diwani wake mapema, makisio yangali yakiandikwa. Ifikapo Juni, linalosalia Dodoma ni kura.