Soma Kwanza, Ndipo Utume

Leo naongea na ninyi mnaobeba redio za mkononi, zile wokitoki: walinzi wa usiku na vijana mnaojifunza ufundi wake.

Nianze na kosa langu. Kijana wa zamu aliniletea Baofeng UV-5R nimwongezee chaneli moja. Kwa haraka nikatuma ndani yake faili ya redio nyingine. Chaneli zake zote zikafutika, na nakala sikuwa nayo. Usiku ule alilinda bila kuwasikia wenzake.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua programu ya kupangia redio, jiulize mambo matatu.

La kwanza: je, inaweza kusoma yaliyomo kwenye redio na kuyahifadhi? Programu iitwayo CHIRP inaweza. UV-5R inabeba chaneli 128; kuzirudisha kwa vidole, moja moja, ni kazi ya kuchosha.

La pili: je, utaimudu? CHIRP ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na inafahamu redio za kampuni nyingi. Programu ya kiwanda mara nyingi huhudumia redio za kiwanda hicho tu. Ukifika Mbarara penye intaneti nzuri, ipakue kwenye tovuti yake yenyewe, uiweke kwenye flashi. Ukirudi huku itafanya kazi bila bando.

La tatu: kebo yako ikoje? Kebo nyingine za bei rahisi zina chipu ya kughushi, na kompyuta huikataa. Programu ikigoma, usiilaumu kwanza. Sukuma plagi hadi mwisho, kisha jaribu kebo nyingine.

Tena, ndugu yangu, programu haijui kama una ruhusa. Itaandika masafa hata ya wengine, wakiwemo watu wa usalama na uokoaji. Nchini Uganda masafa hutolewa na Tume ya Mawasiliano, UCC. Weka yale tu ambayo kikundi chako kimeruhusiwa. Kama hujui, muulize kiongozi wako kabla ya kugusa kebo.

Basi tukumbuke: soma, hifadhi nakala, badilisha, ndipo utume. Nakala ile ingenichukua dakika moja tu, na kijana yule angewasikia wenzake.