Makapita Waliosimama Katikati

Masomo: Kutoka 5:6-21; Wakolosai 4:1

Tunawasalimu wote hapa Kolwezi, hasa ninyi mnaotoka zamu ya usiku kule Mashamba.

Farao aliondoa nyasi, lakini hesabu ya matofali ikabaki ileile. Jambo hilo tunalijua. Vifaa havipo, tani zinadaiwa zilezile, na kazi ikiharibika anatukanwa mtu wa chini.

Leo tuwatazame makapita wa Israeli. Juu yao walikuwako wasimamizi wa Farao, chini yao ndugu zao. Matofali yalipopungua, wao ndio waliopigwa. Hatusomi kwamba waliandika hesabu ya uongo. Walikwenda pamoja mbele ya Farao, wakamweleza wazi kwamba nyasi hazitolewi na kosa si la wafanyakazi.

Sisi wachungaji tuna jambo la kuungama. Ndugu mmoja, shefu wa ekipe, alikuja kwetu usiku. Kompanyi yake hatuitaji. Aliambiwa atie sahihi kwamba watu wake wote wamepewa miwani ya kazi, na haikuwa kweli. Alituuliza afanye nini. Tulimjibu: «Tii wakubwa, omba tu.» Alitia sahihi. Baadaye asidi ilimrukia kijana wa ekipe yake machoni. Familia ilipodai, ilionyeshwa ile karatasi. Jina lililokuwa chini yake lilikuwa la ndugu yetu, lakini shauri lilikuwa letu.

Tulikosea. Kumheshimu shefu si kumsaidia kudanganya.

Wala shida hii si ya mtu mmoja. Mwaka 2021 mashirika RAID na CAJJ yalitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa ya hapa kwetu. Yalieleza kwamba zaidi ya nusu ya wafanyakazi wameajiriwa kupitia kompanyi za kati, na wengi walisimulia matusi na mishahara midogo. Lakini sheria ya kazi ya mwaka 2002 ingalipo: inaweka mwisho wa saa 45 kwa juma. Mjumbe wa sendika yupo, na Mkaguzi wa Kazi wa Serikali yupo. Kwenda kwao si kukosa imani.

Hatuwadanganyi: Farao hakulainika siku ile. Makapita walitoka na uchungu, wakamlaumu Musa. Kusema kweli kunaweza kumpotezea mtu kazi, na watoto wanangoja unga. Kwa hiyo msiende mmoja mmoja. Andikeni tarehe na mambo yalivyo, bila matusi, kisha mwende pamoja. Na kanisa lisimwache anayefukuzwa kwa kukataa uongo. Sadaka ya wahitaji ni yake pia.

Nawe shefu unayeketi viti vya mbele Jumapili: Paulo anakukumbusha kwamba una Bwana mbinguni. Je, watu wa ekipe yako wakisikia unaomba, wanasema Amina?

Tuombe. Baba, ulisikia kilio cha Israeli kwa sababu ya wasimamizi wao. Usikie na cha Lualaba. Utusamehe tulionyamaza. Mponye kijana yule, mtie nguvu ndugu yetu, utupe kinywa cha kweli na moyo usio na kisasi. Katika jina la Yesu, Amina.