Betri Iliyozeeka: Ipimeni Ikiwa Kazini
(Mazungumzo na watumiaji wa umeme wa jua majumbani)



Mama yangu aliwahi kuuziwa betri iliyokwisha kutumika, kwa ajili ya taa za duka lake. Muuzaji aliipima mbele yake. Mita ikasoma volti 12.6, naye akalipa. Usiku wa kwanza taa zilizimika kabla ya saa tatu. Mita ile haikuwa mbovu. Kipimo chenyewe ndicho hakikutosha.

Betri ya risasi na asidi ya volti 12, ikiwa imejaa na kupumzika saa kadhaa, husoma karibu volti 12.6. Ikibaki nusu, husoma karibu 12.2. Hata hivyo, volti huonyesha chaji iliyopo, wala haionyeshi uwezo uliosalia. Betri ikiachwa mara kwa mara bila kujazwa, bamba zake hugandwa na salfeti. Huwa kama mtungi wenye mchanga: umejaa hadi mdomoni, ilhali maji yake ni vikombe viwili.

Kwa hiyo, ipimeni ikiwa kazini. Ijazeni, muipumzishe usiku kucha, kisha muwashe vifaa ambavyo wati zake zinajulikana. Betri ya ampea-saa 100 ikiwasha vifaa vya wati 60 kwa saa tano, huwa imetoa takriban robo ya uwezo wake. Zimeni vyote, muipumzishe tena, mpime. Betri nzima itasoma karibu 12.4. Ikisoma 12.0 au chini yake, uwezo wake umebaki chini ya nusu.

Kwa betri yenye vifuniko vya kufunguka, fundi apime vyumba vyote sita kwa haidromita. Betri iliyojaa husoma karibu 1.265. Chumba kimoja kikipungua kwa 0.050 kuliko vingine, kina kasoro. Maji yakipungua, ongezeni maji yasiyo na chumvi yanayouzwa kwa ajili ya betri; msiongeze asidi wala maji ya bomba.

Jihadharini. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka. Msiikaribie na moto. Iliyokufa isivunjwe nyumbani, kwa maana risasi ni sumu, hasa kwa watoto.

Mwisho, mnaponunua, daini risiti na dhamana. Ikiwa betri imekwisha kutumika, patana kwanza na muuzaji, kwa maandishi, kwamba itarudishwa ikishindwa jaribio hili.