Utafiti Uliofanyika Nairobi na Usiopatikana Nairobi: Mada Kuhusu Vyanzo vya Sosholojia Maktabani na Mtandaoni



Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie namna ya kutafuta vyanzo vya utafiti wa sosholojia. Chanzo cha msingi ni sensa, mahojiano, barua ya mkuu wa wilaya. Chanzo cha upili ni kitabu au makala inayoyafasiri hayo. Katalogi huonyesha kilichomo maktabani, na hazina ya kidijitali ya chuo hubeba kazi za chuo chenyewe. Haya ninyi wanafunzi mlifundishwa mwaka wa kwanza.

Mahali pa kuanzia

Tumekutana Kileleshwa, na hiyo ni bahati. Hapa Barabara ya Laikipia ipo Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa 1960, na pia IFRA, taasisi ya Wafaransa. Wengi wenu hupita na matatu karibu na maktaba zao bila kujua kilichomo. Pigeni simu kwanza, kisha mwende. Mjini kuna Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, zenye ripoti za mwaka za maofisa wa wilaya wa enzi ya ukoloni, na Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, kwa magazeti ya zamani. Mtandaoni, tovuti ya AJOL imekusanya majarida ya Kiafrika tangu 1998, majuzuu ya sensa ya 2019 yanapatikana bure kwenye tovuti ya KNBS, shirika la taifa la takwimu, na APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya, kina takwimu za kaya za mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani ambazo mtafiti anaweza kuziomba.

Tatizo lenyewe

Nimepambana miaka mingi na jambo moja. Utafiti mwingi kuhusu Nairobi umefanyika, umelipiwa, umeandikwa, na hauonekani. Uko katika kabati la msimamizi, au katika tovuti iliyofungwa mara tu ufadhili wa mradi ulipokoma. Mama wa Mathare anahojiwa kuhusu maji, na baada ya miaka michache anahojiwa tena maswali yale yale, kwa kuwa mtafiti wa pili hakuiona ripoti ya wa kwanza. Huko ni kumchosha mtu aliyetupatia muda wake bure.

Mfano mnaoujua ni Kibera. Kwa miaka mingi ripoti na magazeti yalitaja wakazi milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu watu wapatao 170,000. Watu wamebishana kuhusu mipaka iliyotumika na namna ya kuhesabu, na ubishi huo una haki yake. Mimi kama mkutubi nauliza: ile milioni ilitoka wapi? Ukifuata tanbihi, ripoti inakupeleka kwenye ripoti nyingine, nayo kwenye nyingine, na mara nyingi njia inakatikia kwenye waraka usiopatikana katika maktaba yoyote. Tarakimu ya namna hiyo haina pa kusahihishiwa, basi inaendelea kunukuliwa.

Kwa upande wa vyuo, hazina za kidijitali zipo, na wanaozihudumia wana bajeti ndogo. Silaumu idara yoyote. Hata hivyo lazima isemwe kwamba mwanafunzi hukuta ikisiri bila tasnifu, au faili isiyofunguka, au seva iliyozimika Jumamosi, siku ambayo mwenye ajira hupata nafasi ya kusoma. Niliwahi kukiandikia chuo kimoja nikiomba tasnifu kuhusu vyama vya akiba vya wanawake wa sokoni. Nikatakiwa kuleta barua ya mkuu wa idara. Nilipoileta, nikaambiwa kazi za wanafunzi hazitolewi, zisije zikaibwa. Hofu hiyo naielewa, ila imegeuzwa kichwa chini. Programu za kukagua wizi wa maandishi hulinganisha kazi na yale zinayoweza kuyafikia. Tasnifu iliyofungiwa kabatini ndiyo mtu huinakili asigunduliwe.

Wakati huohuo, vilivyokwenda ng'ambo vinatufikia kwa urahisi zaidi. Kitabu cha Philip Mbithi na Rasmus Rasmusson kuhusu harambee kilichapishwa Uppsala, Uswidi, mwaka 1977, na leo kinasomwa bure kwa sababu taasisi ya huko ilikiweka mtandaoni. Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani, kina maikrofilamu za Nyaraka zetu za Taifa tangu miaka ya 1960. Nawashukuru. Lakini haifai mtafiti wa Kawangware ategemee Uppsala ili asome habari za Kawangware.

Mapendekezo

Kwanza, vyuo viweke tasnifu nzima, si ikisiri peke yake. Palipo na sababu ya kuizuia, kama vile kitabu kinachokaribia kuchapishwa, izuiwe kwa muda unaotajwa, na muda ukiisha ifunguliwe bila kuombwa.

Pili, kila waraka upewe kiungo cha kudumu, na nakala ya pili ihifadhiwe nje ya seva ya chuo.

Tatu, masharti ya kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, tayari yanamtaka mtafiti awasilishe ripoti yake. Sharti hilo lifuatiliwe, na ripoti hizo zisomeke na umma.

Nne, mashirika yanayofanya utafiti katika mitaa ya mabanda yatenge sehemu ya bajeti ya kuweka ripoti maktabani kabla mradi haujafungwa. Majina na alama za kuwatambulisha waliohojiwa ziondolewe, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyodai. Hilo lisitumike kuwa kisingizio cha kuificha ripoti yote.

Tano, wanafunzi mtafute kwa majina ya zamani pia. Kazi za kale kuhusu Waluhya ziko chini ya Kavirondo, za Wamijikenda chini ya Nyika. Tovuti ikifa, itafuteni katika Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, kabla ya kukata tamaa. Msinukuu tarakimu ambayo hamkufika ilikotoka. Mlikwisha kuona ya Kibera.

Sita, wasimamizi wamwulize mwanafunzi katika kikao cha kwanza ni maktaba zipi amekwenda kwa miguu yake.

Saba, narudia kwa kuwa ndilo kubwa: tasnifu nzima, iliyo wazi, yenye kiungo kinachofunguka.

Mwanafunzi unayekabidhi tasnifu muhula huu, usingoje sera. Peleka faili kwa mkutubi wako mwenyewe, na usiondoke dirishani mpaka akuonyeshe ukurasa wa kwanza ukifunguka.