Kijana Wetu Ameshikwa, Tuanzie Wapi?

Ndugu vijana na wazazi wetu wa Vitengeni, simu inapigwa futari iko mkekani: "Fulani ameshikwa na polisi." Papo hapo watu waanza kuchanga pesa, na hawajui hata amepelekwa wapi. Hapana, jamani. Ulizeni kwanza ni kituo gani. Hayuko Vitengeni? Tafuteni Ganze, Kilifi, Malindi. Waende wawili watatu wenye busara, si kundi la kelele. Waulize kwa upole ameshikwa kwa kosa gani, saa ngapi, na namba ya OB ni ipi. Namba hiyo iandikeni. Sisi watu wa Pwani twaujua uchungu wa kumtafuta mtu ambaye kila kituo chasema hakimjui.

Halafu hesabuni saa. Katiba ya 2010, Ibara ya 49, yasema afikishwe kortini ndani ya saa 24. Lakini saa hizo zikiisha wikendi au sikukuu, atangoja siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana anayeshikwa Ijumaa jioni aweza kulala ndani mpaka Jumatatu. Hata tuhuma ikiwa ni ya ugaidi, wa kuongeza muda ni hakimu, si polisi.

Nawe uliyeshikwa, usikimbie wala usipigane. Taja jina lako, uliza sababu, omba kumpigia wakili au jamaa. Baada ya hapo waweza kunyamaza, ni haki yako, wala si kiburi. Kama lugha unayoielewa ni Kigiriama, uelezwe kwa Kigiriama. Karatasi usiyoielewa usitie sahihi.

Pesa sasa. Dhamana ya polisi haiuzwi. Ukiambiwa uweke pesa taslimu, dai risiti, kwani hurudishwa kesi ikiisha kama ulihudhuria. Ile ya "chai" haina risiti, na mtoaji naye ana kosa.

Aliye chini ya miaka 18 asichanganywe na watu wazima. Akipigwa, mpelekeni hospitali, chukueni fomu ya P3, na mshtaki yapelekwe IPOA, iliyoundwa 2011 kwa kazi hiyo. MUHURI wa Mombasa pia wamekuwa kwenye mambo haya tangu 1997.

Na futari yake je? Mwombeni askari wa zamu mumpelekee, pamoja na daku, na dawa kama anazitumia.