Somo: Aliyebatizwa Ukubwani si Mgeni Kanisani



Ndugu wapenzi mnaotusikiliza vijijini, leo twajifunza jambo moja: mtu aliyeingia Ukristo akiwa mtu mzima, nafasi yake katika Kanisa ni ipi?

Hapa Barumbu, kama katika vijiji vingi vya Tshopo, mtu wa namna hiyo twamfahamu. Amesoma dini kwa miaka, akabatizwa usiku wa Pasaka, na watu wakapiga vigelegele. Lakini Dominika zafuata, naye huketi karibu na mlango. Wakitafutwa watu wa kusoma, wa kufagia kanisa, wa kuwatazama wagonjwa, jina lake halitajwi. Na huko nyuma watu wa ukoo wamekwisha kumwambia: "Wewe si wetu tena, umeyakataa matambiko ya wazee." Basi yu kama mtu anayetoka mtumbwi mmoja katikati ya mto, na wenye mtumbwi wa pili hawajamnyoshea mkono. Je, mtoto wake akiugua usiku, atabisha kwa nani? Akirudi kwa mganga, tusiseme upesi kwamba imani yake ilikuwa haba. Tujiulize kwanza kama mlango wetu ulikuwa wazi.

Fundisho la Kanisa ni hili: Ubatizo ni mmoja. Mtu mzima hapewi ubatizo mdogo kuliko wa mtoto mchanga. Hufanywa mwana wa Mungu na ndugu yetu kweli. Hakuna nusu Mkristo.

Wengine hujivuna: "Sisi ni Wakristo tangu babu." Vema, lakini babu alianzaje? Padri Gabriel Grison alipofika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, mwaka 1897, akaianzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli, hakumkuta mwenyeji aliyerithi Ukatoliki kwa babu yake. Wakristo wetu wa kwanza wote walikuwa wageni wa imani. Anayemdharau Mkristo mpya amdharau babu yake mwenyewe.

Mtazameni Mwenyeheri Izidoro Bakanja, mwana wa Kongo yetu. Alikuwa kijana mfanya kazi, msaidizi wa mafundi wa kujenga huko Coquilhatville, ndiyo Mbandaka ya leo. Hapo alifundishwa dini, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Hakuwa na wazazi Wakristo wala ukoo wa Kikristo. Baadaye alikwenda kufanya kazi mbali na misioni, mahali pasipo padri. Je, aliketi akingoja kukaribishwa? La. Aliwafundisha wenzake kusali, akaivaa skapulari yake mbele ya watu wote. Mwaka 1909 alipigwa viboko vikali kwa ajili hiyo, akafa kwa majeraha tarehe 15 Agosti mwaka ule ule, akiwa amemsamehe aliyemtesa. Tarehe 24 Aprili 1994 Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenyeheri. Alikuwa Mkristo kwa miaka mitatu tu, na leo wenye miaka hamsini ya Ukristo wamwomba awaombee.

Lakini si kila mtu ana nguvu za Bakanja. Hata Paulo mtume, alipofika Yerusalemu baada ya kuongoka, wanafunzi walimwogopa. Ni Barnaba aliyemchukua, akampeleka kwa mitume, akamshuhudia. Nanyi wasimamizi wa ubatizo, hiyo ndiyo kazi yenu. Haiishi siku ya maji na mshumaa.

Wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake, mtu huwa wa nyumbani anapopewa kazi ya nyumbani. Maaskofu wa Kongo walichagua mwaka 1961 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo zenye uhai, mahali watu wanapojuana kwa majina. Basi katika jumuiya yako mpe Mkristo mpya jembe: aongoze sala, apeleke chakula kwa mgonjwa, atunze sanduku la maskini. Akifiwa, mlale matangani kwake kama mlalavyo kwa ndugu wa damu.

Nawe uliyebatizwa ukubwani, ondoka mlangoni. Usingoje kuitwa mara tatu. Sema: "Mimi nipo, nipeni kazi."

Tukumbuke kwa kifupi:

Ulizo: Aliyebatizwa ukubwani ni Mkristo kamili?
Jibu: Ndiyo, kwa kuwa Ubatizo ni mmoja kwa wote.

Ulizo: Msimamizi ana wajibu gani baada ya Ubatizo?
Jibu: Kumshika mkono ndugu mpya, na kumjulisha kwa jumuiya mpaka awe wa nyumbani.

Ulizo: Mkristo mpya naye afanye nini?
Jibu: Aje kwenye Misa na jumuiya, na atoe mikono yake kwa kazi ya Kanisa.

Juma hili, kila nyumba imtafute mmoja aketiye karibu na mlango, imwalike mezani. Mwenyeheri Izidoro Bakanja, utuombee.

Tumsifu Yesu Kristu. Milele na milele. Amina.